Baga Siyo Sumu: Somo Nililofundisha Vibaya Tukuyu

Wanachuo wenzangu, someni hii kabla hamjaenda TP.

Mwaka jana nilipangiwa shule moja ya sekondari wilayani Rungwe, karibu na Tukuyu mjini. Nilikuwa Kidato cha Pili, somo la Baiolojia, mada ya lishe. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, eti baga ni chakula bora?" Nikajibu haraka haraka: "Ile ni sumu tu, achaneni nayo." Darasa zima likacheka, isipokuwa binti mmoja wa dawati la mbele. Baadaye ndo nikaambiwa mama yake anauza chipsi na baga, na sare na madaftari ya yule binti yanatoka kwenye kikaango hicho.

Iliniuma. Na mbaya zaidi, jibu lenyewe halikuwa sahihi. Basi nikakaa chini kuliandaa somo upya.

Ndani ya baga kuna nini?

Tuifungue. Kuna mkate wa duara, ambao ni wanga. Kuna nyama ya ng'ombe ya kusaga, yenye protini, madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Gramu 100 za nyama hiyo ikiiva hutoa protini kama gramu 25. Kuna kachumbari au majani ya saladi, na vitamini C ya nyanya husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Kwa msichana anayepoteza damu kila mwezi, hilo siyo jambo dogo. Sasa chakula chenye vitu hivyo vyote utakiitaje sumu?

Madhara yanatoka wapi?

Kwanza, kiasi na vinavyoambatana nayo. Baga yenye yai na mayonezi inaweza kufika kalori 550. Ongeza sahani ya chipsi, kalori 450 hivi, na soda ya mililita 350, kalori 150 hivi. Jumla 1,150, wakati mtu mzima wa kawaida anahitaji kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku nzima. Soda peke yake ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Ukila hivyo kila siku halafu unashinda umekaa maktaba, mwili unaweka akiba ya mafuta, na hatari ya kisukari inapanda.

Pili, chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Nyama iliyokolezwa, sosi na chipsi vikikutana, sehemu kubwa ya hiyo inaisha kwa mlo mmoja. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, nalo halipigi hodi.

Tatu, uivaji. Vimelea kwenye mnofu mzima hukaa zaidi juu, moto unawaua. Nyama ikisagwa, vya juu vinaingia ndani. Mwaka 1993 huko Marekani watu zaidi ya 700 waliugua kwa baga zisizoiva vizuri, na watoto wanne wakafariki. Kwa hiyo ukikata ukaona wekundu katikati, rudisha jikoni, usione aibu.

Rungwe tuna nini?

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Wilaya hii ina ndizi, maharage, maziwa, viazi na maparachichi. Mbalaga, yaani ndizi zilizopikwa na maharage au nyama, inakupa wanga na protini kwenye sahani moja, na maharage yanaleta nyuzinyuzi ambazo mkate mweupe hauna za kutosha. Parachichi gramu 100 lina nyuzinyuzi kama gramu 7, na mafuta yake mengi ni yale yasiyoumiza moyo.

Ila na sisi tuna kasoro yetu. Tunapenda kushushia chakula na chai ya rangi nzito, na chai hiyo huzuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasifyonzwe vizuri. Subiri kama saa moja baada ya kula.

Nilivyorudi darasani

Wiki iliyofuata niliwaambia wazi: "Nilikosea." Tukaichora baga ubaoni, kila mmoja akataja sehemu na kazi yake mwilini. Yule binti akanyoosha mkono: "Mwalimu, mama akipaka parachichi badala ya mayonezi?" Nikamwambia hilo ni wazo zuri kuliko somo langu la kwanza.

Wenzangu, boom likitoka kula baga yako kwa amani. Isiwe kila siku, agiza kachumbari ya kutosha, chipsi ziache mara mojamoja, soda ibadilishe na maji. Na ukiwa mbele ya darasa, kumbuka kwamba chakula unachokikejeli kinaweza kuwa ndicho kinachomsomesha mtoto aliyekaa mbele yako.