Ungoje Simu Bora ya Kampuni, Ama Ununue Sasa? Piga Hesabu Hii Kwanza

Msimu huu swali ninaloulizwa sana si la mbolea. Ni hili: "Afisa, ninunue simu janja sasa, ama ningoje ile bora ambayo kampuni ya simu inasemekana inaleta kwa bei nafuu?" Leo tulichambue kama tunavyochambua mbegu kabla ya kupanda.

1. Kungoja nako kuna bei

Mapema mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba simu janja ya dola 40 ingeundwa humu nchini. Wakati ule dola 40 zilikuwa kama shilingi 5,000. Wengi wakaamua kungoja. Oktoba mwaka huo kiwanda kilizinduliwa Athi River, Safaricom wakiwa miongoni mwa wabia, na simu za Neon za 4G zikatoka: Smarta kwa shilingi 7,499 na Ultra kwa 8,999.

Simu zilifika kweli, tena za 4G. Lakini aliyekuwa ameweka zile 5,000 akingoja alikuta hazitoshi. Bei ilikuwa imepita dola 40, na shilingi nayo ilikuwa imeshuka hadi kama 150 kwa dola.

Somo ni hili: siku ya kufika, bei na ubora wa simu haviko mikononi mwako. Kalenda ya shamba lako unaijua. Basi anza na kalenda.

2. Andika kazi za simu, kisha futa

Chukua karatasi. Andika kila kazi unayotaka simu ikufanyie, halafu futa zile ambazo kabambe inaziweza. Kuuliza bei sokoni? Kabambe inatosha, piga simu. Kupokea pesa ya M-Pesa? Inatosha pia. Zitabaki kazi kama hizi:

- kumtumia afisa ama mtu wa agroveti picha ya mdudu au ugonjwa
- kumwonyesha mnunuzi wa mbali mazao kabla hajatuma lori
- kutumia programu kama PlantVillage Nuru, inayotambua dalili za viwavijeshi vamizi kwenye mahindi hata bila intaneti ukishaipakua

Kama karatasi imebaki tupu, ngoja bila wasiwasi. Hupotezi kitu.

3. Tia pesa kwenye kila kazi iliyobaki

Tuchukue nyanya. Mmea unanyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani. Wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Ukinitumia picha, nitakwambia ukate shina karibu na mzizi, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi na unirekodie video. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Dawa ya ukungu haiuponyi. Unang'oa mmea, unauondoa shambani, na unazuia maji yasitoke hapo kwenda kwa mimea mingine.

Sasa piga hesabu yako. Tuseme dawa ni shilingi 800 na kibarua 500. Ukipulizia mara mbili bure, 2,600 zimekwenda, na ugonjwa bado unatembea. Tuseme tena ukingoja miezi minne, simu itashuka kwa 1,500. Hapo umeokoa 1,500 dukani ukapoteza 2,600 shambani, na mimea iliyokufa hatujaihesabu.

Weka namba zako, si zangu. Lakini kipimo ni kimoja: hasara ya msimu ikizidi nafuu ya bei, usingoje.

4. Mkopo wa kila siku, mapato ya msimu

Wengine mnasema, "Si nichukue tu ya mkopo?" Mwaka 2020 Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo, malipo yalikuwa shilingi 1,000 za kuanzia, kisha 20 kwa siku kwa miezi tisa. Jumla ni kama 6,400. Shilingi 20 inaonekana kitu kidogo. Tatizo ni kwamba nyanya hailipi kila siku.

Kitaluni ni kama wiki nne. Baada ya kuhamisha miche, mavuno ya kwanza huja baada ya siku 75 hadi 90 hivi. Ni karibu siku 120 kabla ya kreti la kwanza. Kwa 20 kwa siku, hizo ni 2,400. Kwa 50, ni 6,000. Simu nyingi za mkopo hujifunga ukichelewa kulipa, na zinaweza kujifunga wiki ileile mdudu ameingia.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi:

- tenga malipo ya siku 120 kutoka mavuno yaliyopita, ama
- uwe na kitu kinacholeta pesa kila wiki, kama sukuma wiki au mayai, na
- uliza jumla yote, si malipo ya siku tu, kisha uliza simu hujifunga baada ya siku ngapi.

5. Ipime dukani kama unavyopima mbegu

"Bora" ya kwenye tangazo si lazima iwe bora shambani. Angalia haya:

- Kamera: Piga picha ya maandishi madogo ya pakiti ya mbegu kutoka umbali wa kiganja kimoja. Maandishi yakitoka na ukungu, mdudu naye atatoka hivyo hivyo. Simu nyingi za bei ya chini haziwezi kulenga kitu cha karibu.
- Betri: Kama huna stima nyumbani, tafuta ya 4,000 mAh kwenda juu.
- Memori: Yenye RAM ya GB 1 itakusumbua. Anzia GB 2.
- Mtandao: Azima simu ya 4G ya jirani, simama katikati ya shamba, tuma picha. Kama 4G haifiki kwako, usiilipie zaidi kwa sasa.

Kazi ya wiki hii

Andika tarehe ya kupanda, tarehe ya mavuno, kazi zilizobaki kwenye karatasi na hasara ya kila moja. Ukiamua kungoja, andika pia siku ya mwisho ya kungoja, na iwe kabla ya kusia mbegu kitaluni. Siku hiyo ikifika na simu ya kampuni haijaja, nunua iliyopo inayopita vipimo hivi. Ile bora ikija baadaye, itakukuta una mavuno ya kuinunulia.