Laini Mpya, Mji Mgeni: Soma Jina Kabla Pesa Haijatoka

Majengo ziko nyingi Afrika Mashariki. Iko ya Nairobi, iko ya Moshi, iko ya Dodoma. Leo tunazungumzia ile ya kisiwani Mombasa, mwendo mfupi tu kutoka Mwembe Tayari, ambako mabasi ya Tanga na Dar es Salaam huteremsha abiria.

Tuchukue mfano wa wanafunzi 20 wa chuo kutoka Tanga. Wamepita mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, wamevuka Likoni kwa feri (kwa miguu hulipi kitu), na sasa wamekaa Majengo asubuhi wanakula mahamri na mbaazi. Wana siku moja ya kuuona mji: Fort Jesus, Mji wa Kale, leso za Biashara Street, jioni upepo wa Mama Ngina. Kiswahili wanacho. Lakini pesa ya hapa ina lafudhi yake, na hapo ndipo wageni wengi hukwama.

Anza na sufuri. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza karibu na shilingi 20 za Tanzania, hupanda na kushuka. Dereva wa tuktuk (nyinyi mwaita bajaji) akisema "mia mbili", sikio la Tanga husikia hela ya peremende, kumbe ni kama 4,000 za nyumbani. Ukikubali mara tano kwa siku bila kupiga hesabu, nauli ya kurudi imeguswa. Kosa la pili ni la kidole. Mkono uliozoea kuandika 2,000 kwa soda na andazi unaweza kuongeza sufuri moja penye 200, na mashine haitakuuliza kama una uhakika na bei ya madafu. Itakuonyesha kiasi na jina, basi. Visome vyote viwili.

Maneno nayo hubadilika. Wakala hapa utasikia akiitwa ejenti. Vocha ni kredi. Lipa Namba ni till. Muuzaji akikuuliza, "Utalipa kwa till ama nikupe namba yangu?", ujue ni njia mbili tofauti. Kwa M-Pesa ya Kenya, mnunuzi anayelipa kwa till hakatwi ada. Akituma kwa namba ya mtu, kuanzia shilingi 101 anakatwa. Kutoa pesa mkononi kuna hesabu yake pia: ukitoa 200 kwa ejenti unakatwa 29, na ukitoa 2,500 unakatwa 29 hiyo hiyo. Wanafunzi kumi wakitoa 200 kila mmoja wameacha 290 dukani. Mmoja akitoa 2,000 kwa niaba ya wote, ni 29. Viwango hubadilika, kwa hiyo angalieni vya siku mnayosafiri.

Laini ni ya nani?

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye hatari ya kweli.

Kikundi kikifika hununua laini za Kenya. Mgeni husajiliwa kwa pasipoti, yeye mwenyewe akiwa pale. Lakini foleni ni ndefu, jua limepanda, na atatokea mtu mwema wa kusema, "Chukueni tu, nitawasajilia kwa kitambulisho changu." Msikubali, hata kama ni mwenyeji wenu na mnampenda. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni ya huyo mtu. Pesa iliyomo, akitaka kuirudisha laini hiyo kwake, ana kitambulisho cha kuonyesha, wewe huna. Na mwenzako akikutumia, jina litakalotokea si lako, kwa hiyo hata anayesoma kwa makini hasaidiki.

Sasa fikiria saa nane mchana. Kikundi kimetawanyika: wengine wako Marikiti wananusa viungo, wengine wamepotea kwenye vichochoro nyuma ya Ndia Kuu, ambako kila mlango wa nakshi unaona ni ule uliokwisha kuupita. Ujumbe unaingia kwa namba ngeni: "Ni mimi kiongozi, simu yangu imezima, nitumieni 3,000 haraka kwa hii namba." Nyumbani ungecheka. Hapa namba zote ni ngeni, hata ya kiongozi mwenyewe, maana kila mtu kanunua laini leo asubuhi. Tapeli hahitaji ujanja mwingi siku kama hiyo.

Dawa yake hufanyika Majengo kabla ya kuondoka, kabla chai haijapoa. Kila mmoja ahifadhi namba mpya za wenzake kwa jina kamili la kwenye pasipoti, si "Chudi" wala "Mzee wa Kazi". Kisha mchango usikae kwenye simu moja. Tungeugawa mara tatu: kwa watu wawili wenye laini zao wenyewe, na fungu la tatu taslimu kwa asiye na haraka ya kununua vitu. Simu moja ikiibwa au ikizima, watu 20 hawakosi nauli. Ujumbe wa kuomba pesa ukija, piga simu usikie sauti. Simu haipokelewi? Basi pesa haiendi. Mtu aliyeko Mji wa Kale hafi njaa kwa nusu saa.

Getini na dukani

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen. Namba ya malipo ya serikali ni 222222. Bei ya raia na ya mgeni si sawa, kwa hiyo bebeni pasipoti na vitambulisho vya chuo. Mtu akikusogelea nje ya geti akasema umtumie yeye kwenye simu yake akuingizie haraka, hicho si kiingilio tena.

Biashara Street ni kwingine. Umechagua leso, umeandika till, jina lililotokea ni la mwanamume na aliye mbele yako ni mama. Uliza tu, hakuna aibu: "Samahani mama, limekuja jina la mwanamume." Atakujibu, "Eeh mwanangu, hiyo ni ya mzee, duka ni lake." Mwenye duka hachukii swali hilo, naye hataki pesa yake iende kwa jirani.

Ukishatuma kwa asiyestahili kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa uthibitisho kwenye 456 mara moja, uombe muamala urudishwe. Na mtu akidai amekutumia wewe kimakosa, angalia salio lako kwanza, si ujumbe. Kisha mwambie naye atumie 456. Usimrudishie kwa mkono wako.

Jioni, kabla ya kupanda basi, malizeni salio la laini za Kenya hapo hapo Mwembe Tayari. Tangu 2015 M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania hutumiana, kwa hiyo kinachobaki mnaweza kukituma Tanga kwenye laini zenu za nyumbani. Linganisheni kwanza kiwango cha ubadilishaji na kile cha duka la fedha. Laini yenyewe msiitupe wala kumwachia mtu. Imeandikwa jina lako.