Sadaka haimlipi mwenye duka

*Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Kwa miaka mitatu nilikuwa karani wa mauzo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mteja asipodai risiti, nilikuwa siandiki mauzo yake, hela naiweka pembeni: leo mfuko mmoja wa saruji, kesho kilo chache za misumari. Nilijiambia mshahara ni mdogo na mzee mwenye duka hatagundua. Nikipiga hesabu naona haipungui shilingi 1,400,000. Stoo ilipohesabiwa mali ikaonekana pungufu, kijana mmoja wa kupakia akaondolewa. Mimi niliacha kazi mwenyewe mwaka jana, sasa nauza mitumba.*

*Mwezi wa nne nimeokoka. Nilimgusia mchungaji jambo hili, akaniambia ya kale yamepita, nisimpe shetani nafasi ya kunishitaki. Lakini usingizi sipati. Nimewaza hela yote niitoe kwenye ujenzi wa kanisa letu, tunatafuta bati. Je, Mungu ataipokea? Mume wangu hajui lolote.*

*Mwenye Mzigo, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Unauliza kama Mungu ataipokea hela hiyo. Mimi nauliza, tangu lini imekuwa yako hata uitoe? Ina mwenyewe. Yu hai, anafungua duka kila asubuhi, na njia ya kwenda kwake unaijua. Ukiipeleka kwenye bati za kanisa utakuwa umemchukulia mara mbili: mara ya kwanza ulikula, mara ya pili umenunulia jina jema mbele ya washirika wenzako. Yoshua bin Sira, ambaye kitabu chake hakimo katika Biblia nyingi za Kiprotestanti, ana maneno makali katika sura ya 34 kuhusu sadaka ya namna hii. Anamlinganisha anayetoa sadaka kutoka mali ya maskini na mtu anayemuua mtoto mbele ya macho ya baba yake. Utasema mzee wa duka si maskini. Sawa, lakini katika barua yako maskini yumo, na nitamfikia.

Mchungaji wako simlaumu. Ulimgusia tu, naye akakujibu kwa kiasi ulichomgusia. Na kuhusu msamaha alisema kweli: huuzwi, wala 1,400,000 yako haiwezi kuununua. Lakini soma tena habari za Zakayo, Luka 19, uangalie mpangilio wake. Yesu anamwita ashuke mtini na kusema atashinda nyumbani kwake, kabla mtoza ushuru huyo hajarudisha hata senti. Hakuna aliyemtajia deni. Ni Zakayo mwenyewe anayesimama na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hakulipa ili asamehewe. Alishakaribiwa, ndipo mkono ukafunguka. Huo usingizi unaoukosa usiharakishe kuuita kazi ya shetani. Inawezekana ni yule yule Mgeni wa Zakayo yuko nyumbani kwako.

Wakristo wamegombana juu ya mengi tangu 1517, lakini hapa wanakaribiana sana. Agostino, akimwandikia Makedonio, ofisa wa Kirumi huko Afrika Kaskazini, alisema mwenye uwezo wa kurudisha alichoiba asiporudisha, toba yake ni ya kuigiza. Luther, katika Katekisimu Kubwa ya 1529, alipofika kwenye amri ya kutoiba hakuanza na majambazi wa njiani. Aliwataja watumishi wanaopoteza mali ya bwana wao na wafanyabiashara wa sokoni. Angekuandika wewe na mizani ya misumari bila kukujua.

Tuje kwenye kiasi. Torati, katika Hesabu 5, inamtaka mkosaji aungame, arudishe mali kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kwa hesabu yako sehemu ya tano ya 1,400,000 ni 280,000, jumla 1,680,000. Sikufungi kwa torati, ila nakupa kipimo, kwa sababu hesabu ya mwizi juu ya alichoiba huwa na tabia ya kupungua. Zile mara nne za Zakayo waachie wenye uwezo wake; usiahidi makubwa ukakwama mwezi wa pili. Kama huna zote kwa mkupuo, Thoma wa Akwino amekwisha kujibu: asiyeweza kulipa sasa aombe muda au aombe kusamehewa deni, yeye mwenyewe au kwa kupitia mtu mwingine. Zamu yako ya upatu ikifika, fedha hiyo ianzie kwenye deni hili.

Thoma anaongeza jambo litakalokupa nafuu. Mtu halazimiki kujitangaza kwa watu. Anaweza kurudisha mali kupitia padri anayemuungamia. Kwenu utaratibu huo pengine haupo, lakini mchungaji anayejua kutunza siri anaweza kubeba bahasha. Safari hii mweleze yote.

Ningeishia hapo, kama si sentensi moja uliyoipitisha haraka katikati ya barua. Kijana mmoja wa kupakia akaondolewa. Umeiweka kati ya kuhesabiwa kwa stoo na kuacha kwako kazi, kana kwamba ni habari ya hali ya hewa. Mwanangu, huyo ndiye unayepaswa kumwomba msamaha mkubwa kuliko wote. Mzee alipoteza faida ya saruji. Kijana alipoteza kibarua na jina, na kwenye kazi za kupakia mtu huajiriwa kwa jina: mwenye duka mmoja humuuliza mwenzake, yule alikuwaje kwako? Kila anapojibiwa kwamba alikuwa na mkono mrefu, ni mkono wako unaotajwa kwa jina lake. Na ulikuwepo. Siku anaondoka ulikuwa umekaa kaunta na daftari mbele yako, ukanyamaza.

Kwa hiyo bahasha ya kimya kimya haitoshi. Ikitupwa dukani bila maneno, mzee anaweza hata kudhani kijana ndiye ameshikwa na dhamiri. Anayeipeleka aseme wazi mambo mawili: aliyechukua si yule kijana, na aliyechukua anaomba ijulikane hivyo kwa kila aliyeambiwa vingine. Jina lako linaweza kubaki nje kwa kuanzia. Lakini mzee akikataa kuamini maneno yasiyo na mwenyewe, itabidi ujitokeze, hata kama hukuwa umepanga kufika huko. Kisha mtafute kijana. Wapakiaji wenzake watajua alikoenda. Mishahara aliyokosa hadi akapata kazi nyingine nayo ni deni lako, na hiyo 1,680,000 haijaihesabu.

Nikutahadharishe kidunia pia. Wizi wa mtumishi kwa mwajiri wake ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na mzee ana haki ya kwenda polisi. Kabla ya kusaini karatasi yoyote, onana na mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria. Kutafuta ushauri huo si kuikimbia toba.

Wazee wa Kagera wanaweza kukusimulia ule uamsho wa walokole ulioshika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kufika Bukoba. Majirani waliuelewa waliposikia hodi mlangoni: mtu amekuja kulipa deni la zamani, au ameshika alichoiba. Hilo liige. Usiige tabia ya baadhi yao ya kumwaga kila kitu hadharani, hadi aibu ikawakuta wasiohusika. Ushuhuda wa jukwaani Jumapili usubiri. Makofi ya kanisa yatakupa utamu wa kumaliza kabla hujamaliza.

Na mume wako? Mwambie, tena kabla ya bahasha kutoka. Fedha utakayolipa itapunguza chakula na ada nyumbani kwenu kwa miezi kadhaa, na asipojua sababu utaanza kumficha hesabu kama ulivyomficha mzee. Chagua saa watoto wamelala. Anza na kijana, ndipo uje kwenye fedha. Akikasirika mwache akasirike. Ahadi ya bati uliyotaka kuitoa, kama ulishaiandikisha kwa mweka hazina, mwombe aisogeze mpaka umalize kulipa. Hulazimiki kumwambia kwa nini.