Sekunde Saba za Redio

Bila shaka mmemsikia mtangazaji akimwambia mpigaji simu, "Punguza sauti ya redio yako." Sababu moja ni kuepuka ule mlio mkali unaotokea sauti ya redio inapoingia tena katika simu. Sababu ya pili ndiyo somo langu. Katika vituo vyenye mtambo wa kuchelewesha sauti, maneno hutoka redioni sekunde chache baada ya kusemwa, na mtu akijisikia hivyo ulimi humkwama.

Sisi wa Ufipa twajua mwangwi. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ili mwangwi ukurudie baada ya sekunde 7, kwenda na kurudi, genge la Lyamba lya Mfipa lingepaswa kuwa mita 1,190 mbele yako. Nani ana koo la namna hiyo?

Wahandisi walitumia utepe. Mwaka 1952 kituo cha WKAP, mjini Allentown, Marekani, kilichelewesha hivyo simu za wasikilizaji. Kichwa kimoja cha mashine hunasa sauti. Cha pili, kilicho mbele, huisoma na kuipeleka hewani. Utepe ukienda sentimita 19 kwa sekunde, baina ya vichwa hivyo yatakiwa sentimita 133 za utepe. Kidato cha Kwanza na wahakikishe hesabu hiyo. Siku hizi kazi hii hufanywa na kumbukumbu ya kompyuta, ambayo haikatiki wala haijikunji.

Mpigaji simu akitukana, au, lililo baya zaidi, akimtaja jirani yake kuwa mchawi, fundi hubonyeza kitufe na maneno yale hutupwa kabla ya kufika hewani. Jirani hulala salama.

Lakini mtambo hauelewi neno hata moja. Aelewaye ni mtu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilisikia mwaka 2008 malalamiko juu ya vipindi vya simu katika redio za lugha za kienyeji, kwamba vilieneza chuki. Nionavyo mimi, kitufe hufaa ikiwa tu aliyekishika anafahamu mafumbo ya lugha inayosemwa. Hapa Sumbawanga mtu aweza kuanza kwa Kiswahili akamalizia kwa Kifipa. Fundi mgeni atatabasamu akidhani ni salamu, na sekunde saba zitakuwa zimekwisha.