Shangazi, nivuke ziwa kimyakimya?

*Mimi ni muuguzi katika zahanati ya serikali huku Mpanda, nina miaka 33, sijaolewa. Siku zote nimetamani utume wa tiba. Sasa kanisa limenipatia nafasi ya miaka miwili kwenye kituo cha afya cha masista upande wa Moba, Kongo, ng'ambo ya ziwa, na wananitaka Januari. Kaka amekataa kabisa. Anasema huku kwetu wagonjwa wanashinda kwenye foleni wakimsubiri muuguzi mmoja, halafu mimi niende kutibu wa ng'ambo. Mama ni mjane, ana presha na kisukari, naishi naye Nsemulwa. Yeye bado sijamwambia. Najua akilia sitaondoka. Je, nimpigie simu nikishafika?*

*Muuguzi, Mpanda*

Usimpigie. Mwambie wiki hii, ukiwa umekaa naye, kabla hujasaini chochote. Mama mgonjwa anayeishi na bintiye hastahili kusikia kwa simu kwamba binti huyo yuko nchi nyingine. Akilia, mwache alie. Kesho yake atakuuliza nani atampeleka kliniki, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yatakapoanza. Nenda ukiwa na jibu.

Kaka yako asikuudhi. Analosema ni kweli: Katavi ni mkoa tangu 2012, lakini vijiji vyake vingi bado viko mbali na mganga. Ila mwombe akumbuke Karema, hapo hapo mkoani kwenu. Adrian Atimani, daktari wa misheni ya huko, hakuwa Mbende wala Mfipa. Alizaliwa Mali, akakamatwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Akaoa huko huko, akatibu watu hadi uzeeni, akafariki mwaka 1956. Wakati wote huo kwao Mali wagonjwa walikuwepo, na hawakuwa wachache. Mwambao wenu ulitibiwa kwa zaidi ya miaka sitini na mgeni. Sioni kwa nini binti wa Katavi asiende kuwa mgeni wa namna hiyo kwa wengine, tena ng'ambo ya ziwa lile lile.

Lakini kaka anastahili ahadi kwamba utarudi, na ahadi hiyo iwe kwenye karatasi. Usiache kazi. Omba likizo bila malipo kupitia kwa mwajiri wako, na usipande mtumbwi wala meli kabla barua ya ruhusa haijafika mkononi. Kuondoka kwa maneno ya mdomo tu ni utoro, na utoro unafukuzisha kazi. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga nayo ihuishwe mapema, isije ikaisha ukiwa huko.

Sasa jambo ambalo hukuliandika, na ndilo linalonisumbua kuliko machozi. Kama mama anatibiwa kwa kadi ya bima ya afya kama mtegemezi wako, kadi hiyo inaishi kwa makato ya mshahara wako. Mshahara ukisimama, makato yanasimama. Siku moja atafika dirishani na kadi yake aambiwe haisomi, na dawa za presha na sukari ni za kila siku, hazina likizo. Nenda kwa afisa utumishi umuulize bayana: nikiwa kwenye likizo bila malipo, mama atabaki kwenye bima kwa njia gani, na nani atachangia? Kama jibu ni kumkatia bima nyingine, kaka aanze kuchangia hapo. Ndipo utajua kama anakupinga kwa kuwahurumia wagonjwa au kwa kuogopa mzigo. Yote mawili yanaeleweka, ila hayatibiwi kwa dawa moja.

Kwa masista uliza kwa maandishi pia. Posho ni kiasi gani? Utalala wapi? Ukiugua wewe, nani anakutoa na kwa gharama ya nani? Kipindupindu hurudi mara kwa mara kwenye mwambao ule, na muuguzi hukikabili kwa karibu. Masista wema hawachukizwi na maswali haya. Wakichukizwa, subiri kwanza.

Lugha isikudanganye. Wagonjwa wa Moba mtaelewana kwa Kiswahili, japo chao kina ladha yake. Lakini rejesta, maagizo ya dawa na barua za rufaa huko huandikwa Kifaransa, na kosa la kipimo cha dawa halijui kwamba ulikuja kwa moyo safi. Katika miezi hii iliyobaki tafuta padri au sista anayekijua, akufundishe Kifaransa cha wodini: tarakimu, viungo vya mwili, dozi, njia za kutoa dawa. Cha salamu utakiokota huko huko. Chanjo ya homa ya manjano nayo uchome mapema, maana cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na Kongo wanakidai.

Nakutaka uende, mwanangu, na nisingekuchosha na mambo ya kadi na barua kama nisingetaka. Anza na mama. Kisha uende kwa afisa utumishi, na atakachokujibu kuhusu bima uniandikie kabla ya kusaini.