Baraza la Kodi Lina Mpaka Wake



Wengi wetu tuna watoto wanaopanga mjini, na vikundi vingine vimejenga vyumba vya kupangisha pale sokoni. Ugomvi ukitokea tunaambiwa, "Peleka hiyo maneno kwa Baraza la Kodi." Sawa, lakini kabla ya kulipa nauli tujiulize: je, Baraza lina uwezo juu ya nyumba hii?

Uwezo wake unatoka katika Sheria Sura ya 296. Sheria hii inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi Sh. 2,500 kwa mwezi. Hapo Baraza lina nguvu kweli. Laweza kukadiria kodi. Bila amri yake, mwenye nyumba hawezi kumfukuza mpangaji wala kukamata vyombo vyake kwa deni la kodi. Kumkatia maji ili ahame ni kosa.

Lakini Baraza halina uwezo juu ya:

1. Nyumba ya kuishi inayozidi kiasi hicho. Hiyo ni ya mahakama.
2. Duka au hoteli. Hizo zina baraza lingine, chini ya Sura ya 301.
3. Nyumba uliyopewa na mwajiri kwa ajili ya kazi.

Je, pande mbili zikikubaliana Baraza liamue tu? Hapana. Uwezo hutolewa na sheria, si na mapatano ya watu. Mwaka 1989, katika kesi ya meli Lillian S, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba mahakama isiyo na uwezo lazima iache kesi pale pale. Kwa hiyo unaweza kushinda leo, kesho amri yako ifutwe, na pesa na wakati vimekwisha.

Siku hizi vyumba vingi vinapita Sh. 2,500. Hata hivyo mpangaji huyo hajaachwa bila kinga. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema anayepanga mwezi kwa mwezi apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Chifu naye anaweza kuwapatanisha, lakini hana uwezo wa kuamuru mtu atolewe.

Basi tuweke risiti zote na tuandike mapatano, hata kwa karatasi ya daftari.

Ya kujadiliana kikundini:
- Ni nani kati yetu anapanga, au anapangisha, kwa zaidi ya Sh. 2,500?
- Ugomvi ukizuka, tutaanzia wapi?