Kumwokoa Anayezama Bila Kuzama Naye

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokoka. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kufika na kuwasaidia abiria kutoka. Alipojaribu kuwafikia marubani alijeruhiwa, akapoteza fahamu, akazindukia hospitalini. Baadaye alipokewa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ili apate mafunzo. Uamuzi huo una hekima ndani yake: ujasiri usio na maarifa huweza kuongeza idadi ya waliozama.

Hatari hiyo haiko ziwani tu. Hatua chache kutoka Kariakoo lipo bonde la Jangwani, ambako Mto Msimbazi hufurika wakati wa mvua kubwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Kabla ya kuingia majini

Mfa maji haachi kutapatapa. Akimshika mwokozi humzamisha. Wengine huzama kimya, bila kupiga kelele. Kwa hiyo ita watu, piga simu 114, kisha msaidie ukiwa nchi kavu. Lala kifudifudi umnyoshee mti mrefu, au mrushie kamba au dumu tupu lililofungwa kizibo. Vitu hivi havikosekani Kariakoo. Vyafaa viwekwe tayari katika kila mtaa wa bondeni kabla ya masika.

Akishatolewa

Mlaze chali, utazame kama anapumua. Asipopumua, usimning'inize kichwa chini wala usimminye tumbo: muda hupotea, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Moyo wa aliyezama husimama kwa kukosa oksijeni. Ndiyo sababu pumzi hutangulia. Inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 2 mpaka kifua kiinuke. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Rudia pumzi 2 na mikandamizo 30 mpaka apumue au msaada ufike.

Akipumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa na umfunike. Apelekwe hospitali hata akisema hajambo, kwani shida ya kupumua huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Nawe mhudumu wa afya, pima kiwango cha oksijeni na kasi ya kupumua, na usimruhusu kwenda nyumbani kabla ya kumwangalia kwa saa kadhaa. Uokoaji ulioanzia ukingoni mwa mto hukamilika wodini.